Hii bendi ya Kijapani ilikataa kutoa rekodi au ilizuiwa? (Les Rallizes Dénudés)

#1 Kaseti Mbovu

Wakuu salaam. Hili jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Kuna bendi inaitwa Les Rallizes Dénudés. Kwao Japani wanaiita Hadaka no Rallizes. Ilianza Kyoto mwaka 1967, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Doshisha, kiongozi wao Takashi Mizutani, anaimba na kupiga gitaa. Imepiga mpaka miaka ya 1990. Na toka 1967 hadi 1991 haikutoa rekodi hata moja. Miaka 24 mtu yuko jukwaani, rekodi hakuna. Kilichozunguka ni kanda tu, watu walirekodi ukumbini wakadurufu, wakadurufu tena, mpaka leo.

Muziki wenyewe sijui niuelezeje. Besi inazunguka palepale dakika kumi na tano bila kubadilika. Dramu kama mtu anatwanga. Halafu juu yake gitaa: chukua mashine ya kusaga mahindi iliyomeza msumari, iweke ndani ya pango. Katikati ya hiyo vurugu kuna mtu anaimba taratibu, kwa huzuni, kama hasikii fujo inayomzunguka. Mara ya kwanza nilizima. Mara ya pili nilirudia mpaka saa nane usiku. Shemeji yenu akatoka chumbani kuuliza kama spika imekufa.

Sasa hoja yangu. Mpiga besi wao alishiriki kuteka ndege ya abiria kuipeleka Korea Kaskazini. Baada ya hapo bendi ikawa inaandamwa na polisi. Mimi naamini ndiyo sababu hawakutoa rekodi. Nipingeni.

#2 Chumvi Kidogo

Ngoja ngoja ngoja. Mpiga besi aliteka NDEGE? Mkuu unaanzaje na mashine ya kusaga wakati una ndege? Anza upya.

#3 Kaseti Mbovu

Haha. Mwaka 1972, wale Jeshi Jekundu la Japani, ndio walewale walioua watu uwanja wa ndege kule Israeli. Jamaa alikuwa mmoja wao.

#4 Mwalimu wa Zamani

Kaseti, umechanganya mafaili mawili. Naomba turekebishe kabla uzi haujaenda mbali.

Ndege ilitekwa tarehe 31 Machi 1970, si 1972. Ilikuwa Boeing 727 ya Japan Airlines, safari namba 351, kutoka Haneda (Tokyo) kwenda Fukuoka. Ndege yenyewe ilipewa jina Yodo, ndiyo maana Wajapani huliita tukio zima Yodogo. Watekaji walikuwa tisa, wa kundi la kikomunisti lililoitwa Sekigunha. Mmoja wao ni Moriaki Wakabayashi, aliyepiga besi kwenye safu ya kwanza kabisa ya bendi hii. Hapo umesema kweli.

Mauaji ya uwanja wa Lod, huo wa Israeli, ni Mei 1972, watu 26 walikufa, na waliofanya ni Nihon Sekigun, yaani hilo Jeshi Jekundu la Japani. Shina la siasa ni moja, ila ni kundi jingine na watu wengine. Yodogo hakuuawa mtu.

#5 Kaseti Mbovu

Nimepokea Mwalimu. Ndiyo shida ya kusoma saa nane usiku.

#6 Chumvi Kidogo

Mwalimu usiondoke. Abiria ilikuwaje?

#7 Mwalimu wa Zamani

Kwa ufupi, maana uzi ni wa muziki. Vijana walikuwa na mapanga ya kisamurai na kitu walichodai ni bomu, na baadaye ikaelezwa silaha zilikuwa za bandia. Ndege ikatua Fukuoka kujaza mafuta, wakawaachia wanawake, watoto na wazee, jumla 23. Inasimuliwa marubani walipewa ramani ya Rasi ya Korea ya kiwango cha wanafunzi wa shule, wajitafutie njia.

Waliporuka wakaelekezwa Gimpo, Seoul, ambako Wakorea Kusini walikuwa wameupamba uwanja uonekane ni Pyongyang, bendera na kila kitu. Vijana wakashtuka. Inasemekana waliomba waletewe picha kubwa ya Kim Il-sung, kiongozi wa Korea Kaskazini, na Seoul picha hiyo utaitoa wapi? Wakakaa pale siku kadhaa. Mwisho naibu waziri wa uchukuzi wa Japani, Shinjiro Yamamura, akajitoa awe mateka badala ya abiria. Abiria wakashuka, yeye akapanda, tarehe 3 Aprili wakatua Pyongyang.

#8 Chumvi Kidogo

Naibu waziri amejitoa mwenyewe?? Haya, nimekaa. Sitoki humu.

#9 Nyuki wa Tabora

Mnaniambia watu wamepamba uwanja mzima wa ndege kama ukumbi wa harusi 😂

#10 Msela wa Yokohama

Wakuu, mimi nimeishi Yokohama miaka sita, kazi ya magari yaliyotumika, kupakia yaje Mombasa na Dar. Jioni nilikuwa sina pa kwenda, nikawa napita maduka ya sahani za santuri za zamani kule Shinjuku na Kichijoji. Bendi hii naifahamu kwa njia hiyo.

Kwanza nimsahihishe mleta uzi. Si kweli kwamba mpaka 1991 hakukuwa na chochote. Mwaka 1973 kulikuwa na mkahawa wa muziki Kichijoji unaitwa OZ. Ulipokuwa unafungwa wakapiga maonesho ya kuagana, ikatoka sahani mbili kwa pamoja, Oz Days Live, bendi kadhaa ndani yake, na upande mmoja mzima ni wa Rallizes. Sema "haikutoa albamu ya peke yake" ndiyo sahihi. Hizo zilikuja 1991, CD tatu kwa mpigo, nakala chache, zikaisha, bei ikapaa kama kiwanja cha Kigamboni.

Pili, dukani. Kulikuwa na duka moja dogo ghorofani, sitalitaja. Nilimuuliza mwenye duka, mzee wa makamo, kwa Kijapani changu cha kuungaunga: Rallizes? Akanitazama kuanzia viatu. Akaenda nyuma, akarudi na boksi la CD zisizo na jina la kampuni, zimeandikwa tarehe na mahali tu. Nikauliza nani kazitoa. Akacheka, akaweka kidole mdomoni. Ilikuwa kama nanunua bangi.

Kwa hiyo hii "polisi waliwazuia" mimi naona ni ya kwenye mitandao. Pale dukani hakuna aliyeniambia habari za polisi. Niliyoisikia mara nyingi: Mizutani alikuwa hataki. Basi. Hataki.

#11 Kaseti Mbovu

Msela umenifungua macho kwa OZ. Lakini "hataki" si sababu. Mtu hakatai tu. Kwa nini hataki?

#12 Fundi Redio

Mimi siijui hii bendi ila nimesikiliza kiungo kimoja alichonitumia Kaseti inboksi, na nina neno kama fundi.

Sehemu kubwa ya ile kelele si gitaa. Ni kaseti. Nina miaka 27 kwenye meza ya kutengeneza redio, sauti ya kanda iliyozidiwa naijua. Ukumbi una kelele, mtu kaficha kinasa chini ya koti, kinasa kinapokea kuliko uwezo wake, sauti inakatika juu, inakuwa bapa. Halafu hiyo kanda inadurufiwa kwenye nyingine, na nyingine. Kila mara mluzi mwembamba unapotea na mkwaruzo unaongezeka. Ukifika nakala ya tano, hata kwaya ya watoto itakuwa mashine ya kusaga.

Mnamsifia mtu kwa kazi iliyofanywa na kaseti.

#13 Kaseti Mbovu

Fundi leo umenivunjia ndoa. Yaani nimekosana na shemeji yenu kwa ajili ya hitilafu?

#14 Msela wa Yokohama

Fundi ana nusu ya ukweli. Mizutani alikuwa anapitisha gitaa kwenye kifaa cha kukwaruza sauti na mwangwi wa kanda, na anasimama karibu na spika makusudi, gitaa linaanza kupiga mluzi lenyewe. Ule mluzi wa maiki msikitini au kanisani mnaoukimbilia kuuzima, yeye alikuwa anaulea, anaupandisha na kuushusha. Nuru za kumetameta na mpira wa vioo juu, watu gizani. Waliohudhuria wanasema ilikuwa kubwa mpaka inaumiza kifua.

Ila kweli, mwaka 2022 ilitoka The OZ Tapes, kutoka kwenye kanda za asili za 1973, na ile sauti ni safi ajabu. Unasikia besi kama besi. Aliyesimamia ni Makoto Kubota, mwenzao wa zamani aliyewahi kuwa ndani ya bendi. Kuna mashabiki walilalamika! Wanasema imekuwa safi mno, wamenyang'anywa bendi yao.

#15 Fundi Redio

Hao waliolalamika ndio ushahidi wangu. Walikuwa wanaipenda kaseti.

#16 Mama Shani

Hamjambo wanangu. Mimi ni mtu wa kwaya, huku nimepotea njia, ila nimebonyeza huo wimbo mliouweka, ule wa "Yoru, Ansatsusha no Yoru". Hiyo besi naijua! Nimeshika moyo. Hiyo ni "I Will Follow Him", ule wa masista kwenye filamu ya Sister Act. Tumeuimba kwenye jubilei ya padri wetu mwaka juzi, sauti ya tatu nikiwa mimi. Nisahihisheni.

#17 Mwalimu wa Zamani

Mama, umepatia na kupita. Watu wengi wameligundua hilo: besi imekopwa kwenye huo wimbo, ambao Little Peggy March aliuvumisha mwaka 1963. Nao haukuanzia Marekani, chanzo chake ni wimbo wa Kifaransa "Chariot" alioimba Petula Clark mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo: Ufaransa, Marekani, Kyoto, halafu jubilei ya padri wenu. Na jina la wimbo wa Mizutani maana yake ni "usiku wa wauaji".

#18 Mama Shani

Yesu na Maria. Sitamwambia padri.

#19 Nyuki wa Tabora

Mwambie mwalimu wa kwaya kwanza 😂😂

#20 Kanyagia

Sasa wasee wa Bongo, Nairobi tuko. Mkishangaa kelele za Wajapani na hamjui Duma mtatuaibisha. Martin Khanja na Sam Karugu, watu wawili tu, kompyuta, gitaa na koo la kupasua. Albamu yao ilitoka 2020, Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mimi nilikuwa kwa onyesho lao moja, jamaa amevua shati analia kama amechomwa, mbele kuna mama anauza mayai boilo na kachumbari nje ya mlango, hashtuki hata. Aliniuzia mbili akaniambia "hao ni watoto wazuri, hawasumbui".

Na hawa walitoa rekodi bila shida. So nadhani hii siri ya Mizutani ni ya kujitakia.

#21 Chumvi Kidogo

Duma waliteka ndege?

#22 Kanyagia

Hapana bana. Matatu tu, na walilipa 😂

#23 Kaka wa Bukavu

Jambo wandugu. Kwa habari ya Fundi (#12), huku Kongo tuko na mfano mzuri. Konono N°1 ya Kinshasa. Mzee Mawangu Mingiedi alikuwa anapiga likembe, ile ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba. Muziki wa kijijini, wa Wazombo, karibu na mpaka wa Angola. Alipofika mjini makelele ya magari yalifunika likembe yake. Akatengeneza maiki kwa sumaku alizotoa kwenye vyuma vya gari vilivyokufa, akaunga kwenye vipaza sauti vya zamani. Ikaanza kukwaruza. Hakutafuta kukwaruza, alitafuta kusikika. Lakini ilipokuja, wakaikubali ikawa ndiyo sauti yao. Mwaka 2004 Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa Congotronics, Wazungu wakasema hii ni muziki wa majaribio, wa mbele kabisa. Mzee alikuwa anapiga hivyo toka miaka mingi.

Kwa hiyo swali "kelele ni ya kusudi au ya hitilafu" mimi naona halina mlango. Inaanza hitilafu, inakuwa kusudi.

#24 Fundi Redio

Kaka wa Bukavu, huyo mzee ni fundi mwenzangu. Sumaku ya gari! Nimeheshimu. Lakini tofauti ipo: Mingiedi kelele aliitengeneza kwa mkono wake mwenyewe. Ya Mizutani nyingine ilitengenezwa na mtu wa kudurufu asiyemjua.

#25 Mzee wa Dansi

Vijana, mnahangaika na kitu chepesi. Kutotoa rekodi ni ajabu gani? Hapa Tanzania bendi zimepiga dansi miaka na miaka bila sahani. Hatukuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani. Bendi ilikuwa inaingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, inarekodi nyimbo zake, kanda inabaki redioni, inapigwa, watu wanaijua nchi nzima, na bendi haina sahani mkononi. Mwenye nauli alikwenda Nairobi. Mimi nimepiga tumba kwenye bendi moja ya mkoa toka 1978 mpaka 1986, na leo sina hata kanda moja yenye mkono wangu. Mjukuu akiniuliza namwonyesha picha.

Nani kawaambia ninyi kila muziki lazima uwe kitu cha kununua?

#26 Kaseti Mbovu

Shikamoo mzee. Hii imenigusa. Bendi gani hiyo?

#27 Mzee wa Dansi

Marahaba. Nikiitaja watatokea watu kudai nilikuwa natumwa kununua sigara tu.

#28 Msela wa Yokohama

Shikamoo mzee. Naheshimu, ila Japani haikuwa hivyo. Viwanda vilikuwepo, kampuni kubwa za rekodi zilikuwepo, pesa ilikuwepo. Huyohuyo Kubota aliyepiga naye miaka ya 1970 alitoa rekodi zake mwenyewe, tena nyingi. Mlango ulikuwa wazi, wa mbele na wa nyuma. Mizutani hakuingia.

Na kitu kingine: studio waliingia. Hizo CD za 1991, mojawapo ina vitu vya 1967 hadi 1969, nyingine ina vitu vya 1970, na kuna nyimbo humo ni tulivu kabisa, gitaa la kawaida, mtu anaimba kama yuko kibarazani. Ukimpigia mtu hiyo baada ya zile za kelele atakataa kuwa ni bendi moja. Kwa hiyo alirekodi akaweka kabatini miaka ishirini.

#29 Mwalimu wa Zamani

Hapo Msela ndipo penye uzito kwangu. Nadharia ya polisi ya mleta uzi ina tobo: ikiwa aliogopa macho ya serikali, angeacha kupanda jukwaani kwanza. Jukwaa ndilo linaloonekana. Rekodi inakaa dukani kimya. Yeye alifanya kinyume.

Ila nisiitupe kabisa. Tukumbuke walikotoka. Mwaka 1968 na 1969 vyuo vya Japani vilikuwa vimefungwa kwa vizuizi vya wanafunzi. Aprili 1969 bendi hii ilipiga ndani ya Chuo Kikuu cha Kyoto kwenye onyesho lililoitwa Barricades a Go-Go. Walikuwa pia wanashirikiana na kundi la maigizo ya majaribio la hapo Kyoto. Kijana aliyelelewa na hayo, kampuni ya rekodi kwake ni sehemu ya kile kinachopingwa. Si woga wa polisi. Ni kukataa kuwa bidhaa. Mwaka mmoja baadaye mwenzake anateka ndege. Wote wawili waliondoka kwenye dunia ya kawaida, mmoja kwa mlango wa Pyongyang na mwingine kwa mlango wa spika.

#30 Nyuki wa Tabora

"Mlango wa spika" Mwalimu umelala vizuri jana.

#31 Kanyagia

Mwalimu hiyo ni tamu lakini ni ya kishairi mno. Kukataa kuwa bidhaa na baadaye CD ya 1991 inauzwa bei ya ng'ombe?

#32 Mwalimu wa Zamani

Bei ya ng'ombe iliwekwa na wanunuzi, si na yeye.

#33 Kanyagia

Nakala chache ziliwekwa na nani?

#34 Mwalimu wa Zamani

Hapo umenikamata. Ngoja nikanywe chai.

#35 Binti Mkoko

Habari zenu. Naandika kutoka Muscat, nimesoma uzi wote kwenye foleni ya benki.

Nadhani nyote mnamchukulia huyu Mizutani kama mtu mwenye mpango. Mimi nina mjomba, Mungu amrehemu, alikuwa mshairi Unguja. Kila aliyemwambia "tuchapishe diwani" alijibu "bado kidogo, kuna beti nazirekebisha". Miaka thelathini anarekebisha. Hakuwa anapinga ubepari, hakuwa anaogopa mtu. Alikuwa kila akisoma shairi lake la jana analiona bovu. Tulipofungua sanduku tukakuta shairi moja limeandikwa mara kumi na moja, na nakala ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote.

Hebu tazameni: nasikia bendi ilikuwa inapiga nyimbo zilezile miaka ishirini, kila mara tofauti, ndefu zaidi, kali zaidi. Si ndiyo mjomba huyu?

#36 Kaseti Mbovu

Binti Mkoko... hii nimeisoma mara mbili. Kweli, wimbo wa "The Last One" walikuwa wanafungia nao onyesho, na kila kanda ni kitu kingine. Nina moja inafika karibu nusu saa. Na nyimbo zao zote kwa ujumla si nyingi. Ni zilezile zinarudi.

Pole kwa mjomba.

#37 Mzee wa Dansi

Huyo ndiyo mwanamuziki wa jukwaa. Sisi tulikuwa na wimbo mmoja, tulipourekodi redioni tuliambiwa ufupisheni, wakati unapoanza kuchanganya ndipo tunapokatwa. Ukumbini tulikuwa tunakwenda nao mpaka mpiga solo ashike jasho. Kijana akiniuliza ule wa redio ndio wimbo wenyewe, namwambia hapana, ule ni picha ya pasipoti.

#38 Chumvi Kidogo

Samahani kukatiza. Yule mpiga besi yuko wapi sasa?

#39 Mwalimu wa Zamani

Alibaki Pyongyang. Mwaka 2010 alihojiwa na shirika la habari la Kyodo, akakiri kuwa kile kitendo kilikuwa cha ubinafsi na majivuno, na kwamba angependa kurudi Japani akabiliane na mahakama.

Na kwa kuwa nimeona huondoki: mmoja wa abiria alikuwa daktari, Shigeaki Hinohara, wa hospitali ya St. Luke's ya Tokyo, wakati huo ana miaka 58. Inasimuliwa kwamba watekaji walipotangaza "tunahaijaki ndege hii", abiria wengi hawakulijua hilo neno, lilikuwa geni Japani, ikabidi daktari aelezee. Aliishi mpaka 2017 akafa na miaka 105.

#40 Nyuki wa Tabora

Yaani umetekwa halafu unahitaji mtu akufafanulie kwamba umetekwa 😂😂😂

#41 Chumvi Kidogo

Miaka 105! Ndiyo maana napenda jukwaa hili.

#42 Msela wa Yokohama

Ongezea hiyo: inasemwa walipanga kuteka siku chache kabla, ikashindikana kwa sababu baadhi yao walichelewa uwanjani. Hawakuwa wamezoea kupanda ndege.

#43 Chumvi Kidogo

Hawa ni watu wangu kabisa.

#44 Kanyagia

Nirudi kwa muziki. Na jina je? Kuna mahali nimesoma ni Kifaransa cha "masanduku yaliyovuliwa nguo", kwingine wanasema ni matusi.

#45 Kaka wa Bukavu

Miye Kifaransa nimekisoma shule toka la kwanza. "Rallizes" si neno. Halipo. "Dénudés" ni waliovuliwa, walio uchi. Watu wanasema walitaka "valises", masanduku, ila sauti ya Kijapani ikageuza. Lakini angalia: "valise" ni jina la kike, ingekuwa "dénudées". Kwa hiyo mwalimu wangu angewapa sifuri mara mbili kwa maneno matatu.

#46 Msela wa Yokohama

Kuna upande wa Kijapani pia. Vijana wa wakati ule walikuwa na neno "rariru", kulewa vidonge, kuwa hujielewi. Wengine wanasema Rallizes imetoka huko na Kifaransa ni koti tu. Na "hadaka" ni uchi. Walevi walio uchi, masanduku matupu, chagua mwenyewe. Mwenye duka nilimuuliza, akasema "jina zuri, si ndiyo?" akarudi kwenye gazeti lake.

#47 Mwalimu wa Zamani

Nimemaliza chai. Nikubali kitu kimoja kwa Kanyagia. Umaarufu wa hadithi hii nje ya Japani umesukumwa sana na kitabu cha Mwingereza Julian Cope, Japrocksampler, cha mwaka 2007. Kinasomeka kama hadithi ya moto, na wajuzi wa muziki wa Japani wamekikosoa kwa makosa mengi. Baada ya hapo ikawa kila anayeandika anaanza na ndege. Wengine wanasema na Mizutani aliombwa ajiunge na watekaji akakataa. Sijui tulichukue vipi hilo. Bendi yenye miaka karibu thelathini inapimwa kwa siku nne za mtu aliyepiga besi mwanzoni tu.

#48 Kaseti Mbovu

Na mimi nimeanza na ndege. Najua.

#49 Chumvi Kidogo

Usiombe msamaha mkuu. Bila ndege nisingekuwa hapa.

#50 Fundi Redio

Taarifa. Jana usiku nimeisikiliza hiyo OZ Tapes ya Msela kwenye amplifaya yangu ya valvu, si simu. Nimesikiliza mara tatu. Narudisha nyuma sehemu ya maneno yangu, si yote. Gitaa linakwaruza lenyewe, kanda haina kosa hapo. Kuna mahali anaachia noti moja inajirudia kwenye mwangwi, inaanza kujila mkia, na dramu haibadiliki hata kidogo. Huyo mtu alijua spika iko umbali gani na yeye.

Ila zile kanda nyingine bado nasema ni kaseti.

#51 Kaka wa Bukavu

Fundi ameokoka.

#52 Binti Mkoko

Mizutani mwenyewe hakuwahi kuelezea? Mahojiano?

#53 Msela wa Yokohama

Machache mno, na majibu yake ni ya mafumbo. Oktoba 2021 tovuti rasmi ikatangaza kwamba alifariki Desemba 2019. Karibu miaka miwili mtu amekufa na mashabiki bado wanabishana kama atapiga tena. Baada ya tangazo ndipo rekodi rasmi zikaanza kutoka moja baada ya nyingine, kwa mkono wa Kubota, kupitia Temporal Drift ya Los Angeles. Hizi CD tatu za 1991 zimerudi pia. Onyesho la 1993 la Kawasaki lipo, Citta '93. Leo unaipata simuni ukiwa kwenye daladala.

#54 Binti Mkoko

Basi ni mjomba kabisa. Sisi sanduku tulifungua baada ya arubaini.

#55 Mzee wa Dansi

Na yeye hayupo kusema nakala gani ndiyo nzuri.

#56 Kanyagia

Bado nasema alikuwa mjanja wa biashara. Siri inauza. Mwaka mzima nikiwa sipokei simu, nikipokea moja kila mtu ataringa kuwa ameongea na mimi.

#57 Nyuki wa Tabora

Wewe ukiacha kupokea simu watu watajua una deni.

#58 Mama Shani

Wanangu, nimeupeleka ule wimbo mazoezini. Sikusema ni wa nani wala maana yake. Mpiga kinanda akauliza mbona spika imeharibika. Besi wote watatu wakaanza kuimba sauti yao bila kuambiwa.

#59 Kaseti Mbovu

😂😂 Mama Shani umeua. Fundi, swali la mwisho leo: hiyo amplifaya ya valvu unauza?

#60 Fundi Redio

Siuzi. Ila leta spika yako niiangalie. Shemeji anaweza kuwa sahihi.

#61 Chumvi Kidogo

Naomba kuuliza tu, na yule naibu waziri alirudi?

#62 Mwalimu wa Zamani

Alirudi na marubani siku mbili baadaye, kwa ndege ileile.